Balkoni Yenye Mlango Mmoja

Sekela alivaa gauni la damu ya mzee, lile ambalo Lugano akiliona alikuwa anasahau alichotaka kusema, na alilivaa kwa ubaya. Hakulivaa apendeze. Alilivaa ili mtu aumie, na kama angeumia mpaka akakosa usingizi Iringa kwake, basi hapo gauni lingekuwa limefanya kazi yake.

"Umependeza mno kwa mtu anayekwenda kuvunja uchumba," alisema Yusta, jirani wa mlango wa pili, akiwa amekaa juu ya meza ya jikoni na kikombe cha chai.

"Nani kasema mchumba anaachwa na mtu aliyevaa kanga?"

Yusta akacheka. Alikuwa Mhehe wa Iringa, msusi, mwanamke ambaye mdomo wake haujui kukaa bure. Ndiye pekee kwenye ghorofa zima aliyeendelea kuingia nyumba hii wakati wengine walipoanza kupita mlangoni mbio mbio wakiwa wameshika watoto wao mikono.

"Hebu nieleze tena," alisema. "Maana sisi kwetu mambo haya ya kwenu hatuna. Ukimsalimia huyo baba mkwe, kunatokea nini?"

"Mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe usoni, Yusta. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba. Hamtaji jina, hali naye, hakai naye. Tangu ng'ombe wao wa posa aingie zizini kwa baba, mimi mzee yule uso wake siujui tena. Kuna Jumapili pale Tukuyu aliingia kanisani kwa mlango wa mbele, mimi nikatokea dirishani kwa wanakwaya, viatu mkononi."

"Na huyo ng'ombe yuko wapi?"

"Yuko kwa baba. Walipoagiza arudishwe, baba alikataa. Akasema hamtoi mpaka aambiwe kosa langu mbele ya watu. Ameshazaa na ndama."

"Kwa hiyo wewe bado ni mkwe wao."

"Mpaka leo." Sekela alichungulia dirishani. Chini, kwenye vumbi la mtaa wa Soweto, Mbeya, hakukuwa na gari bado. "Leo nitamwachia apite sebuleni, aende balkoni, afike mpaka mwisho kule kwenye mpesheni. Halafu nitatoka, nitasimama mbele yake, nitamtazama machoni, nitasema shikamoo mzee. Nikishasema hivyo nimekata. Hakuna mkwe, hakuna mwana, hakuna uchumba. Atarudi Tukuyu amekataliwa na mwanamke waliyemwita mchawi, na ng'ombe wake na ndama wake watamfuata nyuma."

"Akikukwepa je?"

"Atapitia wapi? Balkoni ina mlango mmoja. Labda aruke."

Yusta aliweka kikombe chini taratibu. Alikuwa amemjua Sekela miaka mingi, tangu siku alipokuja kupanga na godoro na jiko la gesi, lakini sauti hiyo hakuwahi kuisikia. "We mwanamke," alisema, "mimi nikikukosea unipigie simu kwanza."

Simu ikaita kweli. Alikuwa mama yake, kutoka Kiwira.

"Wameshafika?"

"Bado, mama."

"Mwanangu, nakuomba. Mimi nimekaa na baba mkwe wangu mpaka Mungu alipomchukua, sikumwangalia hata akiwa kwenye jeneza. Ukimsalimia yule umeua. Hata akija mwanaume mwingine kesho, watauliza ni binti gani yule."

"Wameshauliza, mama. Wameuliza dukani, wameuliza kwaya. Mtu anakuja kununua dawa ya mafua anauliza kama imechanganywa na kitu. Wewe hukuwepo."

Mama alishusha sauti. "Unampenda bado?"

Sekela alikata simu. Baadaye angesema mtandao ulisumbua.

Ukweli ni kwamba jibu la swali hilo lilikuwa nje pale balkoni, limeota mizizi. Alipohamia humo kulikuwa na saruji tupu na kamba ya kuanikia nguo. Siku moja chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo wa kujipinda, aligonga kioo cha mlango akaanguka. Lugano, aliyekuwa amekuja kumtembelea kwa mara ya kwanza na kukaa kwa adabu kwenye ncha ya kochi, alimwokota akamshika kiganjani mpaka akapata nguvu akaruka. Akasema, "Alidhani humu kuna maua. Hatuwezi kumdanganya hivi."

Basi. Lugano alikuwa anafanya kazi kwenye kitalu cha miti Iringa, na kila alipokuja Mbeya hakuleta mkoba mtupu. Akaleta shubiri za Chunya zinazochanua nyekundu wakati wa baridi, wakati ndege kama yule hawana pa kunywa. Akaleta kivumbasi alichong'oa nyuma ya mgahawa pale Igawa, basi liliposimama abiria wakala mahindi. Akaleta mpesheni kutoka Igowole, na ndani ya kifurushi chake, bila tiketi, alikuwemo kinyonga. Wengine wangepiga yowe. Sekela alimwita Mjumbe, kwa vile alikuwa anatembea polepole na jicho moja linatazama nyumba hii na jingine nyumba ya pili. Waliacha mnavu uzae mbegu ili chiriku wazile. Waliweka sahani ya maji yenye kokoto ili nyuki wakitua wasizame. Walikuwa wanashinda pale Jumapili nzima, miguu juu ya ukuta mfupi, wanamtazama kipepeo anavyohangaika kuchagua jani la kutagia, na Lugano akisahau kabisa kwamba kuna basi la kurudi.

Mwisho akaleta mianzi. Ile mianzi ya Igowole inayogemwa ulanzi, alikata mapande yenye urefu wa shubiri ya mkono, akayafunga kwa kamba ya katani, akayaning'iniza ukutani upande wa jua. "Hawa ni nyuki wasio na mzinga," alimweleza. "Kila mama anajitegemea. Anaweka mtoto na chakula chake, anaziba mlango, anaondoka." Na kweli, baada ya wiki chache, matundu mengi yalikuwa yamezibwa, mengine kwa udongo, mengine kwa majani yaliyokatwa mviringo safi.

Hapo ndipo alipoingia Tusajigwe, shangazi yake Lugano.

Alikuja kumkagua mkwe, kama ilivyo haki ya shangazi. Akala wali, akasifu mchuzi, akatoka balkoni kupunga upepo. Akamwona Mjumbe. Akaona mapande ya mianzi yamefungwa kwa kamba, midomo imezibwa kwa udongo. Na mkwe mwenyewe anafanya kazi duka la dawa. Kwa kichwa cha shangazi Tusajigwe, hesabu ilikuwa imekwisha. Jioni ile alikuwa Tukuyu, mbele ya ukoo, anasema mtoto wao amefungwa ndani ya mianzi kwa limbwata, kila tundu na siku yake, na kinyonga ndiye mlinzi.

Mzee Gideoni, baba yake Lugano, alimgeukia mwanawe mbele ya watu wote. Akamuuliza swali moja: "Mianzi hiyo unaijua?"

Lugano aliinamisha kichwa. Akasema, "Sijui."

Sekela aliletewa neno hilo na Sedekia, mshenga, mzee wa watu, aliyelitamka huku anatazama kofia yake. Angesema wamegombana, angevumilia. Angesema ana mwanamke mwingine, angelia akapona. Lakini mwanaume aliyeikata mianzi kwa mkono wake, akaifunga, akaining'iniza, akambusu chini yake, aliulizwa akasema sijui. Tangu siku hiyo Sekela hakulia. Alikasirika, na hasira ile aliilea vizuri, akaipa maji kila asubuhi pamoja na mimea.

Juma lililopita Lugano alikuja dukani, akasimama dirishani kwenye foleni ya wagonjwa, akasema anaomba msamaha. Sekela akamuuliza kama ana cheti cha daktari. Alipoendelea kusimama, alimwambia kwa sauti ndogo: "Maneno yale yalitokea kwenye balkoni yangu. Waje wayafutie pale pale. Baba yako na shangazi yako, wote wawili. Mchana, watu wakiwaona." Hakudhani wangekuja. Tangu alipopata habari kwamba wanakuja, alikuwa anapanga.

* * *

"Wamefika," alisema Yusta.

Sekela alirudi nyuma ya pazia la jikoni. Alisikia hatua ngazini, nzito na za polepole, kisha Yusta akikaribisha kwa sauti ya sukari. Alimsikia shangazi Tusajigwe akisema kwamba yeye atakaa tu hapa kwenye kochi, magoti yanamsumbua. Alisikia kikohozi cha mzee. Mwili wake wenyewe, bila kumuuliza, ulijikunyata ukutani, na aliuchukia kwa hilo.

Pazia likafunguliwa kidogo, akaingia Lugano.

Alikuwa amepungua. Shati lilikuwa limepigwa pasi na mtu asiyejua, mikono yake ilikuwa na udongo wa kitalu kwenye kucha kama siku zote. Aliliona gauni. Alifungua mdomo, akaufunga. Sekela aliona maumivu yanavyopita usoni kwake, akafurahi, kisha furaha ikamwuma hapa chini ya kifua, akakasirika zaidi.

"Naomba maji," alisema Lugano.

"Ndoo ile. Mkono unao."

Hakuchota. "Umekonda, Sekela."

"Nimepungua. Wanaokonda ni wanaosikitika."

"Mimi nimekonda."

"Naona. Blandina wa Iringa hapiki?"

"Blandina walinitafutia kina baba. Nilikwenda kwao mara moja, nikanywa soda, nikawaambia wazazi wake nina mke Mbeya." Alisogea hatua moja. Alinukia udongo mbichi na sabuni ya mche, na Sekela alijishika kwenye ukingo wa sinki. "Walinifukuza. Baba yake alinisindikiza na mbwa."

"Alikuuma?"

"Kidogo."

"Vizuri."

Lugano alitazama nje kupitia dirisha la jikoni. Shubiri zilikuwa zimechanua. Chozi alikuwa kwenye ua anainama na kuinuka, kifua chake kinameta kijani juani. Mpesheni ulikuwa umepanda mpaka darini. "Hukuing'oa," alisema, sauti imebadilika. "Niliyoleta mimi. Nilijua utakuwa umeing'oa yote."

"Kwa nini niing'oe? Mimea haikusema sijui."

Hilo lilimpata. Macho yake yakajaa maji, na hakuyafuta. "Sina cha kujitetea," alisema. "Nilimwogopa baba. Mtu mzima, nina ndevu, na nilimwogopa baba."

"Basi nenda nje umwogope tena," Sekela alisema. "Mimi nasikiliza hapa hapa."

Alimtazama mara moja tu, mtazamo ule mrefu ambao zamani ulikuwa unamaliza magomvi yao yote. Sekela alikuwa wa kwanza kugeuza uso, na alijisamehe kwa kuwa alikuwa na kazi mbele.

Kutoka dirishani aliona migongo yao. Mzee Gideoni alikuwa mrefu kuliko alivyomkumbuka kwa mbali, koti la kijivu, kofia mkononi. Alipita mchaichai, akapita kivumbasi kilichojaa nyuki, akaenda mpaka mwisho, pale pale Sekela alipotaka afike. Shangazi Tusajigwe alikuwa amesukumwa na Yusta mpaka kizingitini, amekumbatia mkoba.

"Ndiyo hii?" aliuliza mzee.

"Ndiyo, kaka," alisema shangazi. "Ona midomo ilivyofungwa. Na yule mdudu yupo, mimi namjua, amejificha."

Mzee alimgeukia mwanawe. "Nilikuuliza mara moja. Nakuuliza ya pili. Mianzi hii unaijua?"

Sekela alishika vyuma vya dirisha. Chini barabarani bodaboda ilipita, mlio wake ukachukua muda kuisha.

"Naijua," alisema Lugano. "Nimeikata mimi, Igowole. Nimeifunga mimi. Nimeitundika mimi hapo. Kamba hii ni ya kitaluni kwetu. Sekela hakuwahi hata kujua kwamba kuna kitu kama hiki mpaka nilipomwonyesha. Yule kinyonga pia alikuja na mzigo wangu. Kama kuna mchawi, baba, ni mimi."

"Mbele ya wazee ulisema hujui."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Nilikuogopa. Na kila siku nilijiambia nitakwambia kesho. Nimemwacha mwanamke asiye na kosa akitemewa mate na mji mzima, kwa kuwa niliogopa sura yako."

Mzee Gideoni aliingiza mkono mfukoni, akatoa kisu chake cha kuchongea, akachomoa pande moja la mwanzi kwenye fungu.

"Usipasue, kaka, utatoa kitu," alisema shangazi.

"Ndicho nilichofuata."

Mwanzi ukapasuka katikati. Ndani, mmoja nyuma ya mwingine, kulikuwa na vifuko vya majani, vimeviringwa kwa ufundi wa kushangaza. Mzee alifungua kimoja kwa ncha ya kucha. Unga wa njano ulimwagika kiganjani, na juu yake akalala mtoto wa nyuki, mweupe, mnene, anajikunja kwa kuonewa na mwanga.

Mzee alimtazama muda mrefu. Aliponyanyua kichwa, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Tusajigwe. Njoo hapa."

"Naona nikiwa huku."

"Njoo. Nyumba ya bibi yetu ilikuwa ya nini?"

Shangazi alisogea hatua moja. "Ya mianzi, kaka."

"Na sisi tulikuwa tunafanya nini kwenye kuta zake, mimi na wewe, mama akienda shambani?"

Shangazi aliukaza mkoba kifuani.

"Nauliza."

"Tulikuwa tunazibua matundu," shangazi alisema, sauti imeshuka mpaka kwenye mkoba. "Tunalamba huo unga."

"Tulikuwa tunalamba huu unga. Tulipigwa kwa ajili yake. Umejenga kwa tofali, umepaua kwa bati, umesahau kilichokulea, ukaja hapa ukakiona kwa mtoto wa watu ukakiita limbwata. Na mimi mpumbavu nikakusikiliza." Alimrudisha yule mtoto wa nyuki ndani ya kifuko chake, akaviweka vipande viwili vya mwanzi pamoja, akavibana kwa vidole. "Lugano, lete kamba."

Yusta, kizingitini, alifuta macho kwa ncha ya kanga, na alipokumbuka mpango wa jikoni alitazama dirisha kwa wasiwasi.

Ndipo Sekela alipochukua kopo la kumwagilia.

Mtu angedhani amelainika. Hakulainika. Aliyoyasikia yalimwongezea moto, kwa kuwa yangeweza kusemwa siku ile ile, na badala yake alikuwa amekula miezi ya matusi kwa kosa la watu wawili na woga wa mtu wa tatu. Wamejua kosa lao, sasa wajue na bei yake. Alinyanyua ndoo kwa mkono mmoja na kopo kwa mwingine, akapita sebuleni, akampita Yusta, akampita shangazi, akaweka ndoo chini katikati ya mlango wa balkoni. Hakuna aliyeweza kutoka.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alinyanyua uso amtazame mzee.

Akaona kofia.

Mzee Gideoni alikuwa amesikia ndala za Sekela. Kabla mwanawe hajajua kinachotokea, alikuwa amejifunika uso kwa kofia, akageuka ukutani, akazamisha kichwa ndani ya mpesheni, mwili mzima wa futi sita umejibana pembeni ili mkamwana apate njia. Alijificha kama anavyojificha baba mkwe mwenye heshima anapomkuta mke wa mwanawe kisimani.

Shangazi alikuwa wa kwanza kuelewa, akashika mdomo. Lugano alielewa wa pili, akakaa kwenye ukuta mfupi.

Sekela alisimama na neno lake. Angeweza kulisema. Uso hauhitajiki sana, sikio linatosha. Shikamoo mzee, imekwisha. Lakini alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye kiburi amsimamie mbele, hakujiandaa kwa mgongo.

Kisha majani yakatikisika, akatokea Mjumbe.

Alitokea taratibu, mguu mmoja hewani anafikiri, akatua kwenye tawi lililokuwa jirani na pua ya mzee. Jicho moja likageuka kumtazama mgeni. Mzee Gideoni alikuwa mtu wa Rungwe, wa zamani, na alikuwa amemwogopa kinyonga maisha yake yote. Hilo Lugano aliwahi kumwambia Sekela, kwa kucheka, Jumapili moja hapa hapa. Shingo ya mzee ikaanza kutetemeka. Jasho likamtoka nyuma ya masikio. Kugeuka tu kungemwokoa. Angegeuka angekutana na uso wa Sekela, na uchumba ungekufa bila yeye Sekela kusema chochote.

Hakugeuka. Aliendelea kusimama na mdudu wake.

Sekela aliliona hilo, akalielewa vizuri kabisa, na lilimgusa mahali ambapo hakutaka liguse. Akainama. Akazamisha kopo ndani ya ndoo. Akaanza na shubiri.

Shubiri hazitaki maji mengi, lakini siku hiyo alizinywesha kidogo kidogo, moja moja, akiangalia kila jani. Akahamia kwenye chungu cha kivumbasi. Akaondoa majani makavu, ambayo angeweza kuyaondoa kesho. Akamwagilia mchaichai, akausifu kwa sauti. Akaja kwenye sahani ya nyuki, akaosha kokoto moja baada ya nyingine, akazipanga upya, hakuridhika, akazipanga tena.

"Sekela, mwanangu," shangazi Tusajigwe alinong'ona. "Mzee ana mgongo."

"Pole yake, shangazi. Mimi nilikuwa na jina. Nalo liliuma."

"Nitalisafisha. Nitasimama kanisani Jumapili, nitasema kwa mdomo wangu mimi niliyekosa. Asante, mama, ndaga fijo, tusamehe."

"Kanisani Tukuyu na kanisani kwangu hapa. Na kwenye kwaya."

"Na kwenye kwaya."

"Na utanisaidia kumbeba Mjumbe nikihama."

Shangazi alifumba macho. "Nitambeba."

Lugano alikuwa hajaondoa macho kwake. Sekela aliupeleka mkono kwenye mnavu uliokuwa karibu na goti la Lugano, na maji yakamwagikia kiatu, kisha soksi, kisha suruali iliyopigwa pasi na mtu asiyejua. Hakusogeza mguu.

"Wewe," alimwambia kwa sauti ndogo, "hujamaliza na mimi. Usidhani kwa kuwa baba yako ana adabu na wewe umepona."

"Sidhani."

"Utabeba mianzi mingine kutoka Igowole. Kichwani. Kutoka stendi mpaka hapa, kwa miguu, mtaa mzima ukuone. Na kila atakayekuuliza ni ya nini, utamwambia."

"Nitamwambia ni ya mke wangu."

"Utamwambia ni ya nyuki. Hayo mengine utasubiri."

Lakini sauti ilimponyoka mwishoni, ikalainika kidogo, na Lugano, ambaye alikuwa na makosa mengi lakini si ukiziwi, aliisikia. Akainamisha kichwa kuficha uso wake. Chozi alirudi kwenye ua la shubiri, akawakuta watu wamejaa, akaamua kunywa hivyo hivyo.

Ndani ya mpesheni kukatokea kikohozi.

"Lugano," sauti ya mzee ilitoka kwenye majani, nzito, ya mtu anayejizuia kupumua karibu na kitu. "Hebu muulize mke wako kama anakaribia kumaliza."

Yusta aligeuka akaingia ndani haraka, mabega yanamtikisika. Lugano alifuta macho kwa mkono wa shati. "Sekela, baba anauliza..."

"Nimesikia."

Alisimama wima, kopo mkononi, akautazama mgongo wa koti la kijivu na Mjumbe aliyekuwa sasa ameshika ukingo wa kofia kwa mguu mmoja. Neno la shikamoo lilikuwa bado lipo mdomoni. Alilimeza.

"Mwambie baba mkwe," alisema, "bado chungu kimoja."

Vilikuwa vimebaki vingi. Akainama juu ya ndoo, akachota maji polepole.